Tumebadili Balbu, Hatujabadili Tunavyowasha

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo, Dar es Salaam, kaunta nyingi zina ubao wenye holda tatu nne zilizopangwa mstari. Mteja akishachagua balbu, muuzaji anaichomeka hapo, inawaka, wote wawili wanaitazama, biashara imekwisha. Mazungumzo yenyewe huwa mafupi.

"Kaka, nipe balbu."

"Ya wati ngapi, dada?"

"Ile inayong'aa sana. Lakini isiyokula umeme."

Muuzaji ananyoosha mkono kwenye rafu na kushusha boksi lililoandikwa wati 15 kwa tarakimu kubwa. Pembeni yake lipo la wati 9, bei yake karibu mara mbili. Dada anachukua la 15. Amepata namba kubwa kwa pesa ndogo, angekataaje?

Tatizo ni kwamba wati hazisemi taa inatoa mwanga kiasi gani. Zinasema inakula umeme kiasi gani. Mwanga hupimwa kwa lumeni, na lumeni huandikwa ubavuni mwa boksi kwa herufi ndogo, kama zimeandikwa kabisa. Balbu nzuri ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 au zaidi. Ile ya wati 15 ya bei ya chini inaweza isifike hapo, ama kwa sababu vipande vyake ni dhaifu, ama kwa sababu hizo wati 15 hazimo humo ndani.

Taa za LED zimetuingia majumbani, maofisini na barabarani kwa kasi kubwa, na mimi ni mmoja wa wanaofurahi kuona hivyo. Hakuna kifaa cha umeme cha bei ya chini kilichompunguzia mwananchi mzigo kama hiki. Lakini tulichobadilisha ni balbu tu. Namna ya kununua na namna ya kuwasha bado ni ile ile ya zama za globu ya waya, na hapo ndipo faida inapotuponyoka.

Tuanze na Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, maana ndiko kila familia inakopigia hesabu zake. Globu ya waya ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku inakula yuniti 9 kwa mwezi. Nyumba yenye taa nane za namna hiyo inamaliza yuniti 72 kwa taa peke yake. Hapa Tanzania mteja wa majumbani asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi huwekwa kundi la D1, ambalo kwa viwango vilivyopitishwa na mdhibiti wa nishati, Ewura, mwaka 2016 hulipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo. Akihamishiwa kundi la juu yake, T1, bei ni shilingi 292. Maana yake familia ya globu nane ilikuwa imeshafika ukingoni mwa D1 kabla haijachomeka friji, wala pasi, wala televisheni. Weka LED za wati 9 kwenye holda zile zile nane, muda ule ule: yuniti 72 zinashuka hadi 11 hivi. Zaidi ya yuniti 60 zimerudi mikononi mwa mwenye nyumba, na friji ndogo inapata pa kukaa ndani ya bei nafuu.

Kwenye nyumba za kupanga zenye Luku moja, hesabu hii inagusa amani ya watu. Tumekulia kwenye ugomvi wa nani ameacha taa ya korido ikikesha, nani analala na taa, na mama mwenye nyumba akipita kila mlango saa nne usiku kuhimiza watu wazime. Balbu ya wati 9 ikikesha saa 12 inakula kama sehemu moja ya kumi ya yuniti. Pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme saa moja mfululizo inakula yuniti nzima, sawa na balbu hiyo kukesha siku tisa. Wapangaji wanaonuniana kwa sababu ya taa ya korido wangekaa chini waulizane kuhusu pasi, hita ya maji na jiko la umeme, wangefika mbali zaidi.

Safari ya kufika hapa ilikuwa ndefu. Globu ya waya hugeuza kama asilimia 5 tu ya umeme kuwa mwanga; kilichobaki ni joto, ndiyo maana huunguza vidole. Taa ya LED haichomi waya. Umeme unapita kwenye kipande cha madini maalumu, na ndani ya kipande hicho nishati inatoka moja kwa moja ikiwa mwanga. Nick Holonyak wa kampuni ya General Electric, Marekani, alionyesha LED nyekundu mwaka 1962. Ilikuja ya kijani, lakini bila ya buluu usingeweza kupata nyeupe, na ya buluu iliwatoa watafiti jasho kwa miaka 30. Waliofungua njia ni Wajapani watatu: Isamu Akasaki na Hiroshi Amano huko Nagoya, na Shuji Nakamura aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya Nichia. Mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Mwanga mweupe wa balbu ya sebuleni kwako ni mwanga wa buluu uliopita kwenye tabaka la unga wa njano. Ukiitazama balbu ikiwa imezimwa, ile njano inaonekana.

Sasa tuifungue balbu iliyokufa, kazi ambayo mafundi wa mitaani wanaifanya kila siku. Fundi anakishika kile kichwa cha plastiki nyeupe, anakizungusha kwa nguvu, kinabanduka. Ndani kuna sahani ndogo ya alumini, na juu yake vipande vya njano vidogo kama punje za mchele vimepangwa kwa duara. Anaisogeza karibu na jicho. Punje moja ina doa jeusi katikati. Hiyo ndiyo iliyokufa, na kwa kuwa zote zimeungwa kwa kufuatana, kifo cha moja kimezima zote. Anaibandua, anaziba pengo lake kwa tone la risasi ya kuchomelea, anaichomeka balbu kwenye holda ya majaribio. Inawaka. Mteja anafurahi, analipa kiasi kisichofika bei ya balbu mpya, anaondoka.

Mara nyingi baada ya muda mfupi anarudi. Kwenye balbu nyingi za bei ya chini, volti zilizokuwa zikibebwa na punje iliyokufa sasa zinamwagikia kile kidude kinachodhibiti umeme, nacho kinachemka kuliko mwanzo. Joto linapanda kwenye sahani yote, na punje nyingine inapata doa. Sitamlaumu fundi kwa hilo. Amefanya alichoweza kwa kifaa ambacho hakikutengenezwa ili kitengenezeke. Ninachomwomba ni kutoigusa sahani ile ikiwa inawaka, kwa sababu kwenye balbu nyingi imeungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani bila kinga yoyote katikati.

Joto ndilo linaloua LED. Watu wengi wanaamini taa hizi hazina joto kwa kuwa mwanga wake hauunguzi, kumbe joto lipo, ila linakimbilia nyuma, kwenye shingo ya balbu, na ndiyo kazi ya ile alumini kulitoa. Ukiifungia balbu ndani ya bakuli la kioo lisilopitisha hewa, chini ya dari isiyopumua, juu yake bati lililopigwa jua mchana kutwa, umeipunguzia maisha mwenyewe. Boksi linasema saa 25,000, yaani zaidi ya miaka 13 kwa saa tano kila usiku. Punje zenyewe zinaweza kufika huko zikikaa mahali penye ubaridi. Kinachowahi kufa ni draiva, ile saketi ndogo ya kudhibiti umeme: kapasita yake inakaushwa na joto, na umeme wa kupanda na kushuka unaimalizia.

Kwamba inawezekana kutengeneza tofauti, mfano uko Dubai. Mwaka 2016 Manispaa ya Dubai na kampuni ya Philips walitangaza balbu iliyoitwa Dubai Lamp, ya wati 3 yenye kutoa lumeni 600, mbadala wa globu ya wati 60. Siri yake haikuwa madini mapya. Waliweka vipande vingi zaidi vya LED na kuvipa kila kimoja umeme kidogo, vikafanya kazi bila kuchoka na bila kuchemka. Viwanda vingi vinafanya kinyume: vipande vichache, umeme mwingi, balbu inang'aa vizuri pale kwenye ubao wa kaunta na kufa mapema sebuleni. Kiwanda kinaokoa senti chache, mnunuzi anarudi dukani.

Kwa hiyo ukisimama kwenye ile kaunta, uliza lumeni, kisha uzigawanye kwa wati. Globu ya waya hutoa lumeni 10 hadi 15 kwa kila wati, enaji seva 50 hadi 70. LED isiyofika 80 iache. Ikivuka 100 hiyo ni mali. Ipime kwa mkono pia, kwa sababu balbu nyepesi kupita kiasi mara nyingi imenyimwa alumini. Na mwambie muuzaji akuandikie dhamana kwenye risiti, hata ya mwaka mmoja. Anayeamini mali yake hatasita.

Kuna jambo moja ambalo LED imelifichua na linanitia hofu. Watu wengi hulalamika kwamba balbu mpya inabaki na mwanga hafifu hata swichi ikizimwa. Wengine wanadhani ni jini la umeme, wengine wanafurahi wamepata taa ya kulalia. Sababu nyingine ni ndogo, kama swichi yenye kitaa chake cha ndani. Lakini huenda swichi imefungwa kwenye waya usio sahihi: inakata njia ya kurudi, na waya wenye moto unabaki ndani ya holda usiku na mchana. Globu ya waya haikuweza kuonyesha kosa hilo, kwani umeme unaovuja ni mdogo mno kuiwasha. LED inaonyesha. Ukiona balbu yako inamemeteka gizani, mwite fundi mwenye leseni apime holda kabla mtoto hajapanda kiti kubadilisha taa.

Maofisini, mashuleni na hospitalini habari ni ya tubelaiti. Ile ndefu ya futi nne hula wati 36, na choki yake inaongeza chache juu. Ya LED inayochukua nafasi yake hula 18 au pungufu, haipepesi, haihitaji stata. Korido ya hospitali inayowaka saa 24 ndiyo mahali pa kwanza pa kubadilisha, si ofisi ya mkurugenzi inayowaka saa tatu kwa siku. Mara nyingi nimeona mpango ukianza na ofisi ya mkurugenzi.

Tubelaiti na enaji seva zina zebaki ndani yake. Ndiyo sababu nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliwalemaza na kuwaua watu, zilikubaliana kuzifikisha mwisho. Enaji seva zilipangiwa 2025 kwenye mkutano wa 2022. Mkutano wa Geneva wa Novemba 2023 ukaipangia tubelaiti ndefu 2027. Kinachopaswa kutangazwa zaidi ni kwamba pendekezo lililetwa na nchi za Afrika. Ulaya ilikuwa inafunga soko lake kwa taa hizo, na Afrika ilikataa kugeuzwa dampo la mali ambayo wengine wameikataa. Ni ushindi wetu wa kidiplomasia ambao haukusherehekewa. Lakini una deni: mamilioni ya tubelaiti yatashushwa kwenye dari, na leo hii nyingi huishia nyuma ya jengo, zikivunjwa na watoto wanaopenda mlio wake. Mkataba wa kubadilisha taa za jengo la umma useme nani anazibeba zile za zamani, zinahifadhiwa kwenye nini, na zinapelekwa wapi.

Nje ya nyumba ndipo moyo wangu unapouma zaidi.

Kwa kuwa LED hula kidogo, tumeanza kumulika kila kitu. Ukuta wa uzio una taa sita, zote zimeelekezwa barabarani, zote nyeupe kali, zinakesha. Jirani wa ng'ambo analala na pazia mbili. Mpita njia anafumba macho. Mwenye nyumba anaamini amejilinda. Fuatilia jicho linafanya nini: likipigwa na mwanga mkali, mboni inajibana, na kila kilicho pembeni mwa taa ile kinakuwa cheusi zaidi kuliko kilivyokuwa. Mlinzi aliyekaa chini ya taa ya geti anaonekana na kila mtu, yeye haoni hatua ishirini mbele yake. Taa hiyo hiyo ikiinamishwa itazame chini, ikafunikwa kwa juu, ikawekewa sensa ya kuwaka mtu akikaribia, mlinzi akakaa nje ya duara lake, ulinzi umeongezeka na umeme umepungua. Hakuna cha kununua zaidi ya sensa.

Nairobi wana nguzo ndefu wanazoziita mulika mwizi, zilizoenea kwenye mitaa kama Mathare na Kibera baada ya mradi wa Adopt-A-Light wa Esther Passaris ulioanza miaka ya 2000. Zilileta nafuu, wachuuzi waliongeza saa za kuuza, na kina mama walipata pa kupita. Lakini mwanga una tabia yake: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika unabaki robo. Taa iliyo juu mita 30 lazima iwe na nguvu mara 36 ya iliyo juu mita 5 ili ikupe mwanga ule ule miguuni. Na kwenye vichochoro vya mabati, mwanga unaotoka sehemu moja ya juu unakwama kwenye paa la kwanza. Paa linawaka, kichochoro kinabaki giza. Kwa LED, taa ndogo nyingi za ukutani, kila moja ya wati chache, zinawezekana kuliko wakati wowote uliopita. Msichana anayekwenda chooni saa sita usiku anahitaji hiyo iliyo mlangoni mwa choo.

Kisha kuna taa za sola za ukutani, zile zenye boksi la wati 300. Tupige hesabu pamoja. Paneli yake ina ukubwa wa sentimita 30 kwa 35 hivi. Jua la utosini hutupa kama wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba, na paneli nzuri hukamata sehemu ya tano yake. Paneli hiyo basi inatoa wati 21 adhuhuri. Kwa jua la Dar es Salaam, lenye thamani ya saa tano kamili kwa siku, inakusanya nishati ya kuwasha taa ya wati 9 kwa usiku wa saa 12, kabla hujatoa kinachopotea kwenye betri. Wati 300 zinatoka wapi? Hazitoki popote. Taa yenyewe inaweza kuwa nzuri kwa kazi yake, lakini boksi linadanganya, na Shirika la Viwango Tanzania lina mamlaka ya kulitoa sokoni.

Rangi nayo ina uzito. Sokoni tumezoeshwa nyeupe ya baridi, ile ya Kelvini 6500 kwa kipimo cha rangi ya mwanga, kwa kuwa dukani inaonekana kali. Ina buluu nyingi. Kwa mtu mzima aliyeanza kuota mtoto wa jicho, buluu hiyo inatawanyika machoni na kumpofusha barabarani. Mwaka 2016 Chama cha Madaktari cha Marekani kilishauri taa za nje zisizidi Kelvini 3000, yaani zielekee njano. Watu wa Bukoba na Masaka hawahitaji kuambiwa nguvu ya mwanga mweupe. Msimu wa senene ukifika husimamisha mabati yanayong'aa kuzunguka mapipa, wanawasha taa kali usiku kucha, na wadudu wanashuka kutoka angani kwa maelfu, wanagonga bati na kuteleza pipani. Kinachofanyika huko kwa makusudi, taa zetu za barabarani na za hotelini zinakifanya bila kukusudia, kila usiku, kwa wadudu ambao hakuna anayewala.

Na kwa kasa. Kwenye fukwe za Mafia, Mnemba na Watamu, watoto wa kasa wanapoanguliwa usiku huelekea upande wenye mwanga, kwa kuwa kwa asili upeo wa bahari ndio unaong'aa kuliko nchi kavu. Hoteli ikiwasha taa nyeupe zinazotazama ufukwe, wanageuka. Wanatambaa kuelekea bustani na barabara, na asubuhi jua linawakuta huko. Tiba yake ni rahisi: taa ya rangi ya kaharabu, fupi, iliyofunikwa upande wa bahari, na kuzimwa zile zisizo na kazi katika msimu wa kuangua. LED inaweza kutengenezwa itoe kaharabu tupu.

Halmashauri zetu zinaendelea kununua taa za barabarani, za gridi na za sola. Miji mingi ina nguzo za sola zilizowaka miaka miwili mitatu, betri zikachoka au zikaibwa, na hakuna aliyetengewa fungu la kuzibadilisha. Ningependa kuona kwenye zabuni lumeni badala ya wati, Kelvini 3000 au chini yake, kioo bapa kisichorusha mwanga angani, draiva inayofunguka kwa skrubu ili fundi wa wilaya aibadilishe bila kutupa taa nzima, na fungu la betri kwa miaka kumi. Baada ya saa sita usiku, barabara isiyo na magari ipunguziwe mwanga kwa nusu. LED inaruhusu hilo bila kuharibika, na taa za zamani za sodiamu hazikuliweza kirahisi. Mambo haya huandikwa kabla zabuni haijatangazwa, na diwani yeyote anaweza kuuliza kwenye kikao kama yameandikwa.